Saa Inasema Mama Ni Mzima

Mwisho wa mwezi jumba lile la maduka halipitiki. Watu wameshapokea mishahara, ngazi za umeme zimegoma kama kawaida yake, na siku hiyo foleni ya mbele ya meza ya Fundi ilijikunja mpaka mlangoni kwa muuza viatu. Meza yenyewe ndogo tu: kioo juu, taa ya kuinamisha, bisibisi za kila aina, na kisanduku cha mikanda ya saa ya rangi zote. Nyuma yake alikaa Fundi mwenyewe, gauni la rangi ya haradali, kilemba kimefungwa harakaharaka, ulimi mwepesi kuliko vidole. Saa janja zilikuwa zimeingia mjini kwa fujo. Kila mtu ananunua, wachache wanajua kuzitumia, na Fundi alikuwa anakula hapo.

"Hii kitu nimeichoka," sauti nzito ikasema juu ya kichwa chake. "Izime."

"Habari za mchana kwanza," Fundi akajibu bila kuinua macho.

"Nzuri. Izime."

Akainua macho. Jamaa mrefu, nyusi zimejaa vumbi la saruji, buti zito miguuni, kizibao cha njano cha saiti kimekunjwa kwapani. Usoni hana ubaya wowote, hilo Fundi aliliona na akalificha.

"Imekukosea nini?"

"Inanitikisa mkono kutwa. Mara ninywe maji. Mara nisimame, nimekaa sana. Dada, mimi kazi yangu ni kukaa."

"Kazi gani ya kukaa yenye vumbi namna hii?"

"Naendesha kreni. Ile ndefu, ya jengo jipya hapo mbele."

Fundi alikuwa anaiona kreni hiyo kila asubuhi akifungua duka, na siku zote alijiuliza ni binadamu gani anakubali kupanda kule. "Kumbe ndiye wewe, Wa Juu."

"Jana nimenyanyua nondo, mzigo uko hewani, chini kuna watu. Saa inanitikisa. Natazama, inaniambia nipumue. Kwani nilikuwa nimeacha?"

Foleni nzima ikacheka, hata yule mama mnene aliyekuwa ananuna kwa kuchelewa. Fundi akacheka pia, kisha akamwambia atoe mkono.

"Kwanza umeifunga vibaya. Inacheza mkononi kama bangili. Ipande juu ya huu mfupa, ikae, isibane. Ikilegea inasoma upuuzi. Jasho uifute kila jioni, ngozi isije ikachubuka. Chaji iwekee ukiwa unaoga, usingoje ife. Na hizi kelele ni zako mwenyewe, uliziruhusu zote siku ya kwanza. Sasa niambie, unataka saa ikuambie nini?"

Jamaa akatoa kisanduku cha saa nyingine mfukoni, kipya, bado kina utepe.

"Nataka iniambie mama."

Mama yake alikuwa na ugonjwa wa moyo, akaeleza kwa sauti ya chini ili foleni isisikie. Anakaa na mdogo wake, lakini mchana anabaki peke yake. Kule juu simu haziruhusiwi, zinabaki kabatini. Ndiyo maana alinunua saa yenye laini yake mwenyewe, na ya mama vilevile. Moyo wa mama ukienda mbio, yeye ajue hapohapo mkononi.

"Basi tunazima yote," Fundi akasema, vidole tayari viko kazini. "Maji, kupumua, meseji, simu za kila mtu. Tunabakiza moyo wa mama tu."

"Mama tu," akarudia yule bwana, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Lakini saa siyo daktari, umenisikia? Inakuonyesha, haitibu."

"Nimekusikia, Fundi."

Alilipa, akaondoka, akarudi. Amesahau kofia yake ngumu. Siku ya pili akarudi kuuliza mkanda wa bluu. Siku ya tatu akarudi akakosa hata la kuuliza, akasimama pale anasugua buti sakafuni mpaka muuza viatu akamsaidia kwa sauti kubwa: "Kaka, muombe namba ya simu tu, unatuzibia njia."

Ikawa kila mapumziko ya mchana simu ya Fundi inalia.

"Umekula, kipenzi?"

"Nitakulaje na wewe hujaniambia umeshuka salama?"

"Nimeshuka. Nimekuona leo kutoka juu. Ulivaa nyekundu."

"Muongo. Kutoka kule unaona watu kama mchele."

"Mchele mwekundu ulikuwa mmoja."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Mwanamke wa kukabili wateja wakali kutwa, lakini huyu bwana alikuwa anamlainisha kwa neno moja. Alimpenda, na hakuona sababu ya kujidanganya. Jumamosi walitembea kwenye bustani ya jiji, yeye katika sketi ya maua na viatu vya kisigino kidogo, Wa Juu katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakatakata. Walikaa kwenye benchi wakila karanga. Na kila baada ya muda Wa Juu aligeuza mkono, akatazama, akatabasamu.

"Mama ni mzima," alisema. Kisha akarudi kwenye maongezi.

Siku moja benchini hapo akamwambia kwa nini. Baba yake alianguka nyumbani, yeye akiwa juu ya jengo lingine, kazi yake ya kwanza. Walimpigia simu, simu iko kabatini, walipiga mpaka chaji ikaisha. Alishuka jioni kwa raha zake anapiga mluzi. Getini akakuta watu wa nyumbani wamesimama, hakuna anayetaka kuanza kusema.

"Aliniulizia mpaka mwisho, Fundi. Mimi nilikuwa juu nanyanyua matofali." Akashika ile saa kwa mkono wa pili. "Hii ndiyo inayonifanya nipande ngazi asubuhi. Bila hii sipandi."

Fundi akamshika mkono, saa na yote.

Tatizo likaanza mchana mchana. Karibu kila siku ya kazi, jua likifika utosini, saa ya mama ilipiga kelele: moyo uko juu. Halafu baada ya muda unashuka. Wa Juu akishuka mapumziko anapiga nyumbani, mama anajibu vizuri tu, eti alikuwa anafagia. Alikwishapewa onyo la mwisho na msimamizi wake kwa kuacha kazi mara kwa mara kukimbilia nyumbani, kwa hiyo siku hizi alikaa juu anasubiri kengele, roho mkononi. Akamwomba Fundi waende wote Jumapili, aikague ile saa. "Na mama akuone," akaongeza, akijifanya hilo ni jambo dogo.

Fundi alivaa gauni la buluu la mikono mirefu, akavua hereni kubwa akavaa ndogo, akabadilisha viatu mara mbili.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya chini, vyumba viwili na sebule, pazia safi, dawa zimepangwa juu ya friji. Mama alikuwa kwenye kiti cha mkono, mwembamba, kanga imetulia begani, macho makali ya kuchekesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiwe unayemfundisha mwanangu kuvaa saa?"

"Ndiye mimi."

"Umemweza. Mimi kuvaa soksi tu ilinishinda kumfundisha."

Mama mdogo akaingia na chai. Mwanamke mpana, mchangamfu, mpishi wa shule iliyokuwa mtaa wa pili, mikono minene ya kunyanyua masufuria. Alipoweka sinia mezani, Fundi, ambaye kazi yake ni kutazama mikono ya watu, akaona alama. Mstari uliochubuka kidogo kuzunguka mkono, na kialama cha duara mahali kioo cha saa kinapokaa. Mkononi mwenyewe hana kitu.

Akageukia mkono wa mama. Saa ilikuwa imefungwa kwenye tundu la ndani kabisa, nalo lilikuwa jipya, gumu, halijawahi kuguswa. Tundu la nje, la mtu mnene, ndilo lililolegea na kupasuka pembeni.

Fundi akakaza uso.

Mama naye hakuwa mtu wa kukosa kuona. "Mwanangu," akamwambia Wa Juu, "bomba la jikoni linavuja. Nenda dukani ukaniletee mpira wake." Mlango ulipofungwa, akashusha pumzi. "Haya. Umeona."

"Nimeona, mama. Anayevaa ni mama mdogo."

Mama mdogo akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mchana mchana, bila shaka, ndipo masufuria ya chakula cha wanafunzi yanaposhushwa motoni.

"Mimi niliivaa kwa uaminifu mwanzoni," mama akasema. "Moyo wangu ukiruka kidogo tu, huyo mwanangu kashuka, kakimbia, kaingia humu na mabuti yake anahema kuliko mimi. Siku nyingine ananikuta naosha vyombo naimba. Kazi karibu inamtoka. Hali. Halali. Mgonjwa ni mimi lakini anayekufa ni yeye. Nikaona bora avae mwenye moyo wa kuvaa."

"Na siku ukianguka kweli?"

"Nitaanguka, kwani saa itanidaka?"

"Mama, hii haifai. Yeye anapanda kule akiamini hii."

"Najua anachoamini, mimi ndiye niliyemzaa." Sauti ikapungua. "Kliniki naenda, dawa nameza, mdogo wangu shahidi. Jengo lao linakaribia paa. Wakimaliza atakuwa chini, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Nipe mpaka hapo. Na hicho kikelele cha mchana, kipandishie kiwango kisimtishe mtoto wa watu." Akamshika Fundi mkono kwa vidole vyake vikavu. "Nataka uje nyumba hii, mkwe wangu. Usianze kwa kunichongea."

Fundi hakuwa na mama tangu akiwa msichana wa shule. Hakuna aliyewahi kumwita mkwe, wala mwanangu kwa sauti ile. Alijua kabisa kwamba ni kosa, alijua akiwa amekaa pale pale, na bado akaichukua ile saa, akabonyeza, akapandisha kile kiwango cha kutoa tahadhari mpaka masufuria ya shule yasiweze kukifikia.

Wa Juu akarudi na mpira wa bomba. "Vipi, umeona shida?"

"Ilikuwa imewekwa chini mno," Fundi akasema. "Nimepandisha. Haitakusumbua tena."

Kila neno lilikuwa kweli, na bado alilala akijua amedanganya.

Toka hapo mapenzi yakawa na mwiba. Wa Juu alikuwa na furaha ya kutia huruma. "Fundi, jana mama katembea kunishinda mimi! Na usingizi wake, analala kama gogo." Fundi alitafuta mahali pa kuingilia, asipate. Alikwenda benchini amejiandaa, maneno yamepangwa, lakini bwana alifika na karanga na uso umejaa nuru, akamwambia jengo likifika paa atapata likizo, na likizo hiyo ana jambo anataka kwenda kulizungumza kwa wakubwa wa Fundi. Fundi akatazama karanga.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Umefurahi kwa sura ya mtu aliyepotelewa na pochi."

Akampigia mama. "Mwambie, mama. Nashindwa kumtazama."

"Wiki ijayo, mkwe wangu. Wiki ijayo Mungu akipenda."

Wiki ijayo haikufika.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Fundi anambadilishia mteja betri, simu ikalia, mama mdogo yuko upande wa pili na sauti haieleweki. Jirani amemkuta mama sakafuni jikoni, mdomo umekwenda upande, wako kwenye gari wanaelekea hospitali. "Mwanangu simpati. Nampigia, inaita tu."

Fundi akapiga. Inaita tu. Akapiga ile laini ya saa. Haiingii. Ndipo akakumbuka vidole vyake mwenyewe juu ya kile kioo: simu za kila mtu, zima. Mama tu. Na mama wa kwenye saa alikuwa amekaa garini, mzima wa afya, analia.

Aliacha meza wazi. Alivuka barabara bila kutazama, magari yakampigia honi, kiatu kimoja kikakatika mkanda akavivua vyote. Mlinzi wa saiti akamzuia, akapiga kelele mpaka msimamizi akaja, mtu mzima wa kitambi, na alipomwelewa hakubishana. Akamvisha kofia ngumu, akashika redio ya mkononi.

"Kreni, shusha huo mzigo taratibu, uweke chini. Ukimaliza uniambie."

Kreni ikazunguka polepole. Fundi akatazama lile rundo la mbao linashuka, linashuka, akaona kama halifiki.

"Chini," sauti ya Wa Juu ikatoka redioni, imejaa mikwaruzo. "Kuna nini?"

Msimamizi akampa Fundi redio.

"Wa Juu, ni mimi. Mama kaanguka. Wanampeleka hospitali. Shuka."

Mikwaruzo tu. Kisha: "Nani kakwambia hivyo? Naangalia mkono hapa. Moyo uko vizuri. Saa inasema mama ni mzima."

"Siyo mama huyo."

"Unasema nini wewe?"

Wafanyakazi walikuwa wameshasimama, kila mwenye redio anasikia. Fundi akafumba macho. "Saa kavaa mama mdogo. Siku zote ni mama mdogo. Shuka, mpenzi wangu, tafadhali shuka."

Kule juu mlango mdogo ukafunguka, mtu akatoka, akaanza kushuka ngazi ya chuma. Ngazi ya kreni haikimbiliki, mkono na mguu, mkono na mguu. Fundi alisimama chini peku kwenye kokoto, anamtazama akikua kutoka punje mpaka mtu, na muda wote huo alijua kitu gani ataulizwa.

Wa Juu akakanyaga chini. Jasho linamtiririka, hakulifuta.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili ya bomba."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu zile siku zote za benchini na karanga. Akafungua mkanda wa saa, akaiweka kwenye kiganja cha Fundi, bado ina joto la mkono wake.

"Usinifuate," akasema, akaondoka mbio.

Mama hakufa. Kiharusi kilimchukua upande mmoja, mkono na mguu, na kikampindisha maneno. Habari hizo Fundi alizipata kwa mama mdogo, kwa simu za kunong'ona. Hospitali hakwenda, ameambiwa asifuate. Aliandika meseji, akafuta, akaandika tena, akatuma. Hazikujibiwa. Kisha jioni moja simu ikalia, jina lake likatokea, Fundi akapokea.

"Nina swali moja tu," Wa Juu akasema. Sauti kavu. "Nilipokuambia habari za baba, ulikuwa unasikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Basi baba nilimkosa kwa sababu ya ngazi. Mama ningemkosa kwa sababu yako, na ungekaa na mimi msibani unanifuta machozi."

"Mama yako aliniomba..."

"Na mimi sikukuomba? Nilikuomba nini siku ya kwanza?"

Fundi alikumbuka. Nataka iniambie mama. Wa Juu hakusubiri jibu. Alikata.

Fundi alikonda. Wateja walimwona hatanii tena, anafunga mikanda kimyakimya. Kreni ilisimama siku kadhaa, kisha ikaanza kuzunguka, na kila akiiona alijua bwana yule anapanda sasa bila kitu mkononi, na anapandaje Mungu ndiye anayejua. Ile saa aliiweka kwenye droo ya meza. Kila jioni aliichaji. Hakujua anaichajia nini.

Jengo lilikuwa limebakiza sehemu ndogo ya paa, mafundi rangi wameshaanza ghorofa za chini, siku Wa Juu aliposimama tena mbele ya meza. Kizibao cha njano, mashavu yameingia ndani. Hakukuwa na foleni. Muuza viatu akajifanya anapanga viatu.

Wa Juu akaweka juu ya kioo kipande cha uzi chenye fundo. "Hicho ndicho kipimo cha mkono wa mama. Anataka saa yake. Lakini mkono wa pili haufanyi kazi, hawezi kufunga kifungo."

"Nani anataka? Wewe au yeye?"

"Yeye. Amesema nimvalishe akitaka, nimvue akitaka, na akichoka kutazamwa nisimuulize." Akameza mate. "Imemchukua nusu saa kusema hayo."

Fundi akachagua mkanda laini wa kubandika, unaofungika kwa mkono mmoja, akaukata kwa kipimo cha uzi. Kilikuwa kimkono kidogo hasa. Machozi yakamjia akayaacha.

"Mama anasema kosa ni lake," Wa Juu akasema, anatazama mkasi. "Nimemwambia ni lenu wote watatu. Na langu."

"Lako lipi?"

"Mama yangu alikuwa anaogopa kuumwa mbele yangu, Fundi. Akaona bora augue peke yake jikoni. Mtoto gani anamfanyia mama yake hivyo?"

Fundi akaweka mkasi chini. "Mtoto aliyemkosa baba yake."

Nyuma yao ngazi za umeme zikaguguma, zikajaribu kwenda, zikagoma tena.

"Sijakusamehe," akasema Wa Juu.

"Najua."

"Na usiniombe tena. Uliomba vya kutosha kwenye zile meseji."

"Kumbe ulizisoma."

"Zote. Kule juu sina simu, kwa hiyo nilizisoma kabatini nimesimama, nachelewa kazi." Kidogo tu, pembe ya mdomo ikasogea. "Saa yangu uliitupa?"

Fundi akafungua droo, akampa. Wa Juu akaigusa, kioo kikawaka, chaji imejaa. Akamtazama mwanamke huyu kwa muda.

"Ni ile ile? Kila kitu kimezimwa, mama tu?"

"Ni ile ile."

"Ongeza mmoja."

"Nani?"

"Fundi, usinichoshe. Ongeza namba yako." Akanyoosha mkono juu ya kioo ili avalishwe. "Lakini ukinipigia kule juu, uniambie kilichopo. Kibaya, kizuri, kilichopo. Ukinidanganya mara ya pili mimi sishuki tena kwako."

Fundi akaifunga juu ya mfupa, ikae, isibane. Vidole vyake vilikaa pale kidogo zaidi ya kazi, na mwenye mkono hakuuvuta.

Wiki iliyofuata mama mdogo alirudi kwenye masufuria yake, na Fundi akafunga meza mchana mmoja akaenda kukaa na mama. Alimkanda mkono uliolala, alimlisha uji, akamsomea ujumbe wa jirani. Mama alikuwa na siku mbaya. Alilia asubuhi, aliusukuma uji, na kwa ule mdomo uliopinda akamwambia Fundi maneno ambayo hayakuhitaji kunyooka kueleweka. Saa aliivua mwenyewe, akaitupa kitandani.

Fundi akachukua simu, akatoka mlangoni, akapiga. Ikaita mara mbili.

"Mzigo uko chini," Wa Juu akasema, upepo unavuma nyuma ya sauti yake. "Sema. Mama yukoje?"

Ulimi wa Fundi ulikuwa tayari na lile neno la zamani, mzima. Akalimeza.

"Hayuko vizuri leo. Kala vijiko viwili vitatu tu, bega linamuuma, amelia. Saa amevua. Na mimi amenitukana."

Fundi akasubiri, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Nishuke?"

Fundi akageuka akatazama ndani. Mama alikuwa anamtazama kutoka kwenye mto, kisha kwa mkono ule mzima, taratibu, akapapasa kitandani akaitafuta ile saa, akaishika.

"Usishuke," Fundi akasema. "Maliza kazi. Mimi nipo naye."